Mbuzi wa Wakwe

Fatoumia binti Ousséni alipokwenda kujitolea kupika kwenye sikukuu ya kanisa, mtaa mzima wa Mangarivotra ulipata la kusema. Tusidanganyane, hata wewe ungesema. Mjane wa Kingazija, mjukuu wa khatibu wa Marodoka kule Nosy Be, mwanamke ambaye Mahajanga hii maulidi hayasomwi mpaka pilau yake iwe jikoni, leo anajipeleka mwenyewe kwa masista kuuliza kama wanahitaji mikono. Na tena mwezi wa Desemba, mvua imechelewa, bati la nyumba ukiligusa mchana unaacha ngozi yako juu yake. Watu wenye akili zao saa hizo walikuwa wamejilaza sakafuni, kanga mbichi ya maji kifuani, wanaomba jioni ifike.

Jirani yake Koulsoum alimkuta anafua kanga yake ya kazi.

“Shoga, nasikia unaanza na msalaba?”

“Naanza na vitunguu,” Fatoumia akamjibu. “Na wewe kama huna la kufanya, njoo umenye.”

Koulsoum akacheka, akaenda zake kuyasambaza. Lakini Fatoumia alikuwa na lake, na wala hakulificha sana. Hayrat, mwanawe wa pekee, angekuwepo kwenye sikukuu hiyo. Hayrat aliishi Boanamary, kule mto Betsiboka unapopanuka kuingia baharini, pamoja na mumewe Tombo, na kila mwaka kanisa lilipofanya sikukuu yake, Wakatoliki wa Boanamary walijaa kwenye lori wakaja mjini. Hayrat alikuwa na mtoto wa kike, jina lake Soazara, anakimbia sasa, anasema, na bibi yake mzaa mama hajawahi kumshika hata kidole. Fatoumia alitaka kumpakata mjukuu wake. Alitaka mwanawe amwite mama tena. Hilo tu, hakuna jingine, na kwa hilo angepika hata ndani ya tanuri.

Yalifikaje huko? Kiburi, basi. Hayrat alipokuwa msichana, mamake alimpeleka Marodoka akakae kwa shangazi, kwa sababu huko ndiko alikokuwa Mikidache, binamu aliyewekewa tangu utotoni awe mumewe. Hayrat akakaa Marodoka, akamtazama Mikidache, akamtazama vizuri, kisha akampenda Tombo, kijana wa Kisakalava aliyekuwa akipakia mizigo bandarini Hell-Ville, kisiwani hapo hapo, na Jumapili akiimba kanisani. Habari zikafika Mahajanga kabla ya msichana mwenyewe. Fatoumia hakula siku hiyo wala ya pili yake.

Ulikuwa mwaka wa uhuru, bendera mpya zimetundikwa mpaka kwenye maduka ya Wahindi. Wazee wa Tombo walikuja kuposa kwa heshima zote, wamevaa nguo zao za sikukuu, wanaume kwa wanawake. Fatoumia akafunga mlango, akafunga na dirisha. Wakakaa barazani mpaka jua likawafuata pale walipokaa, wakaondoka. Baada ya wiki chache wakarudi. Safari hii alikaa ndani, akawasha redio ya marehemu mumewe Athoumani, akaiongeza sauti. Watu wa makamo wale, wametoka mbali, wanasikilizishwa redio kupitia ukutani! Basi Hayrat aliondoka nao siku ile ile, akabatizwa, akafunga ndoa kanisani, na mamake akasema mbele ya watu kwamba hana mtoto. Mtu anasema neno kama hilo kwa hasira, akidhani atalifuta kesho.

Kesho yenyewe haikuja. Miaka ikapita, kiburi kikaisha chenyewe kama sabuni inavyoisha, akabaki na nyumba kimya. Alituma salamu Boanamary, salamu zikajibiwa kwa salamu. Alituma kitambaa cha mtoto, kikapokewa. Kwenda mwenyewe hakuthubutu. Uende wapi, ubishe hodi kwa watu uliowafungia mlango?

Ndipo aliposikia wanawake wa kanisa wanalia kwamba wapishi wamepungua. Joto la mwaka ule lilikuwa limewaangusha wawili kwenye mazoezi ya kwaya tu, sembuse kwenye moto. Fatoumia akajifunga kanga, akaenda.

Aliyepokea watu alikuwa Madame Perline, mwalimu, mtu wa nyanda za juu karibu na Antananarivo, mwembamba, mwenye kofia ya majani. Walizungumza Kibuki, yaani Kimalagasi, maana ndiyo lugha ya wote mjini; Kingazija cha Fatoumia kilikuwa cha nyumbani, na Kiswahili cha babu zake wa Marodoka kilikuwa kimebaki kwenye dua na kwenye majina ya kamba na mbao za jahazi.

“Wewe ni Mwislamu, mama,” Perline akasema, si kwa ubaya.

“Ndiyo. Na wali wangu haugandi.”

Perline akamtazama, akatazama masufuria makubwa yaliyopangwa ukutani, akatazama na anga lisilo hata wingu.

“Njoo Jumamosi,” akasema.

Sasa sikiliza jambo la mbuzi, kwa sababu hapo ndipo mambo yote yalipo. Kanisa lilikuwa limepewa ng'ombe wawili kwa ajili ya watu wote. Fatoumia hakutaka kuwapikia wakwe zake ng'ombe wa watu wote. Kwa Wangazija, ukimkosea mkwe humwendei na maneno matupu, na wala humpelekei kitu ulichopewa na mtu. Unachinja cha kwako, ulichokilisha mwenyewe, na unakipika kwa mkono wako. Nyuma ya nyumba yake alikuwa na beberu mmoja mwekundu, mnene, aliyemlea kwa maganda ya ndizi na maganda ya mihogo. Soilihi, muuza nyama wa mtaani, alimtaka kwa ajili ya arusi fulani na akakataliwa. Ijumaa jioni Fatoumia akamwita huyo huyo Soilihi amchinjie.

“Mtu gani huyo anayepewa mbuzi huyu?” Soilihi akauliza, kisu mkononi.

“Mkwe wangu.”

Soilihi akasema bismillahi, akachinja.

Jumamosi alfajiri alifika uwanja wa kanisa, nyama yake kwenye beseni, viungo vyake vimefungwa kwenye kitambaa: hiliki, mdalasini, bizari, karafuu za shamba la ndugu yake Nosy Be. Jiko lilikuwa banda la makuti lisilo na kuta, meko saba, kuni za mkoko. Mkoko unawaka vizuri, lakini unatoa joto la kisirani. Jua lilipopanda kidogo tu, banda lile likawa halikaliki. Upepo wa baharini ambao kila siku huja saa hizo haukuja. Mwanamke mmoja aliyekuwa akikoroga maharage alikaa chini polepole, akasema anaona giza, wakamburura hadi kivulini na kummwagia maji. Fatoumia alijifunga kanga ya maji kichwani, ikakauka, akailowesha, ikakauka. Liwa aliyojipaka usoni ilipasuka vipande vipande, ikaanguka na jasho. Alikuwa na umri wa kukaa barazani akiletewa chai, na moyo wake ulikuwa unapiga ovyo, lakini alijikaza.

Alipika wali wa watu wote kwanza, masufuria matatu, na haukuganda. Kisha akaweka sufuria lake mwenyewe kwenye meko ya pembeni. Alikaanga vitunguu mpaka vikawa vyeusi inavyotakiwa, akatia nyama, harufu ikapaa, na watoto wa kwaya wakaanza kugeuza shingo.

Jirani yake wa meko alikuwa bibi mmoja wa Kisakalava aliyekuwa akichambua mboga. Akainua pua.

“Hiyo nyama gani?”

“Mbuzi.”

“Ya nani?”

“Ya wakwe zangu, wa Boanamary.”

Bibi yule alisita kama mtu anayetaka kusema kitu. Kisha akachukua kigoda chake na sinia lake la mboga, akahamia upande wa pili wa banda. Fatoumia aliona. Damu ikamchemka kuliko sufuria. Anaona kinyaa, akajisemea, kwa sababu mimi ni Mwislamu, na aone. Angemwuliza tu, mama, umehamia nini? Maneno matatu. Hakumwuliza. Alimpa mgongo, akafunika sufuria na kupanga makaa juu ya kifuniko.

Hata Perline alipita akachungulia. “Mbuzi? Vizuri,” akasema, akapita. Angejua nini Perline? Mtu wa juu huko, mambo ya pwani kwake ni ya kusimuliwa.

Lori la Boanamary lilifika kabla kidogo ya misa. Fatoumia alisimama na mwiko mkononi. Wakashuka wazee, wakashuka wanakwaya, akashuka Tombo, amenenepa, ana shati jeupe. Kisha Hayrat, gauni la maua na kofia, amemshika mtoto mkono. Loo, yule mtoto. Paji la uso la Athoumani, lile lile, mtu angedhani marehemu amerudi akiwa msichana. Fatoumia akashika nguzo ya banda, na nguzo ilikuwa ya moto.

Hayrat akageuka, akamwona. Hakukunja uso. Aliinua mkono nusu, kama mtu anayesalimu na hajui kama ataitikiwa, akamwambia mumewe neno sikioni, na Tombo naye akageuka, akainamisha kichwa. Kengele ikalia, wakaingia kanisani. Wacha nikwambie, wakati ule Fatoumia alikuwa na furaha. Alizipanga sahani, akazifuta upya, akachagua ile isiyo na ufa kwa ajili ya mkwe wake, akaongea peke yake kwa Kingazija na kucheka.

Misa ilikuwa ndefu na kanisa lilikuwa limejaa mpaka milangoni. Watoto hawawezi joto kama lile. Wakaanza kutoka mmoja mmoja, wakitafuta kivuli, na Soazara akatoka nao. Alifuata harufu mpaka kwenye banda. Akasimama mbele ya meko, kidole mdomoni, akilitazama sufuria, kisha akimtazama mwenye sufuria.

“Unaitwa Soazara,” Fatoumia akamwambia.

Mtoto akatikisa kichwa kukubali.

“Unanijua mimi nani?”

Mtoto hakujua.

“Mimi ni koko wako. Bibi yako. Mama wa mama yako.”

Soazara alilifikiria hilo kwa makini. Kisha akauliza kama nyama imeiva.

Fatoumia angekataaje? Mjukuu wake wa kwanza, kinywa wazi mbele yake. Alifunua sufuria, akachota wali kidogo, akachagua kipande laini kilichokuwa kimeachana na mfupa, akafanya tonge dogo, akalipuliza mpaka likapoa. Akamtia kinywani kwa mkono wake. Mtoto akatafuna, macho yakamfunguka, akasogea akaegemea goti la bibi yake, akaachama apewe tena. Fatoumia akampa tena. Akampa na la tatu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, maana pale jikoni kila mtu alikuwa analowa na hakuna aliyejua jasho ni lipi.

Watu wakaanza kutoka kanisani. Hayrat alikuja mbio akimtafuta mwanawe, akamwona pale, akasimama. Nusura atabasamu.

“Mama,” akasema.

Neno lenyewe hilo. Fatoumia akafungua mdomo kujibu, lakini macho ya Hayrat yalikuwa yameshuka kwenye mkono wake wenye mafuta, yakaenda kwenye sufuria, yakaenda kwenye mdomo wa mtoto.

“Umempa nini?”

“Mbuzi. Yule mwekundu wa kwangu. Nimemchinja kwa ajili yenu, mwanangu, kwa ajili ya mume wako na watu wake.”

Hayrat hakupiga kelele. Alipiga magoti kwenye majivu na gauni lake la maua, akamfungua mtoto mdomo, akatia vidole viwili, akachokoa kilichokuwemo. Mtoto akaanza kulia. Akamtia vidole mpaka kooni, mtoto akatapika kidogo, Hayrat akachota maji akamsukutua, akachota tena.

“Unafanya nini? Unamuua mtoto kwa nyama ya halali?” Fatoumia akasema.

“Mwiko, mama. Mbuzi ni mwiko kwao.”

Hapo Fatoumia akaelewa yote kwa mkupuo mmoja, hata sababu ya bibi yule wa mboga kuhama. Mwanamke aliyezaliwa Nosy Be na kuzeekea Mahajanga alikuwa hajui miiko? Alijua sana! Alijua kwamba kila ukoo wa Kisakalava una wake, huyu hali mbuzi, yule hali kobe, mwingine hagusi jembe Jumanne. Alikuwa amekaa nao maisha yake yote na kuwauliza kabla ya kuwapikia. Wakwe zake tu ndio hakuwauliza.

Tombo alifika, na mamake nyuma yake, mwanamke mnene mwenye nywele zilizosukwa mafundo mafundo. Hayrat aliwaambia kwa maneno machache. Mama wa Tombo akavuta pumzi, akasogea nyuma hatua mbili, mbali na sufuria, na mkono wake ukamvuta mjukuu kwenye nguo yake. Alipozungumza, hakuzungumza na Fatoumia. Alimwuliza mwanawe.

“Huyu mama hakuambiwa?”

“Siku ya kuposa ndiyo siku ya kuambiwa,” Tombo akasema, taratibu, macho chini. “Tulikuja kumwambia. Tulikuja mara mbili.”

Kama wangemtukana ingekuwa nafuu, angepata pa kushika. Kwao mtoto aliyelishwa mwiko si mtoto aliyekula kitu kibaya tu; amewakosea wazee waliolala makaburini, na kosa hilo lisiposafishwa humrudia yeye mwilini. Ilibidi apelekwe nyumbani, wazee waitwe, maji yaombewe, mtoto aogeshwe. Na aliyemlisha asikaribie mpaka wazee waseme. Dereva wa lori akaitwa. Watu wa ukoo ule wakapanda bila kula, na wali wa masufuria matatu ukaliwa na wengine.

Hayrat alipanda mwisho. Alirudi mpaka ukingo wa banda, hakuingia.

“Nilikuwa nimewaomba, mama,” akasema kwa Kingazija. “Mwaka mzima nimewaomba. Leo baada ya chakula tulikuwa tunakuja nyumbani kwako. Mama mkwe alikuwa amekubali kupita ule mlango.”

“Hayrat.”

“Walikuwa wamekubali wote.”

Akaenda. Fatoumia alikaa kwenye kigoda, jua likahama likaingia chini ya banda likamkuta, hakuhama. Perline ndiye aliyemwinua, akamwosha uso, akamwambia kwa upole kwamba angejua angemwambia, na ilikuwa kweli, na haikusaidia kitu. Nyama ile Fatoumia aliipeleka kwa Soilihi awagawie watu anaowajua. Mwenyewe hakuionja.

Mtoto akaugua. Wiki ile nusu ya watoto wa Mahajanga waliugua, homa na kuharisha, kwa joto na maji machafu ya visima vilivyokauka. Mtoto wa Koulsoum aliugua, na hakuwa amelishwa chochote na mtu. Lakini Boanamary homa ya Soazara ilikuwa na jina, na jina lake lilikuwa Fatoumia. Walimwombea, wakamwogesha, wakachinja ng'ombe. Akapona. Kilichobaki ni neno la wazee, lililoletwa mpaka mlangoni na Madame Perline, kofia mkononi: bibi yule asitume tena kitu cha kuliwa katika nyumba ile, hata sukari. Kuonana si haramu. Kulisha, basi.

“Kuonana si haramu,” Fatoumia alijirudia hilo msimu mzima wa mvua. Alilishikilia. Alimwambia Koulsoum, akamwambia Soilihi, akamwambia kila aliyekaa barazani kwake. Barabara zilipokauka akapanda lori la Boanamary, mikono mitupu kabisa, hata tunda la njiani hakununua, na kabla ya kupanda aliosha mikono kwa sabuni mpaka viwiko, mara mbili, kama mtu atakayekaguliwa.

Nyumba alionyeshwa. Hayrat alitoka akamsalimu vizuri, akamwekea kiti nje kwenye kivuli cha paa, akaenda kumwita mtoto. Mama wa Tombo naye alisalimu kutoka ndani. Kila mtu alikuwa na adabu. Soazara alitokeza mlangoni, amekua, ana meno mapya, akamtazama bibi yake vile vile kwa makini kama siku ile ya jikoni, na ilikuwa dhahiri kwamba amemkumbuka.

Fatoumia akafungua mikono yake yote miwili, mitupu, amwonyeshe.

Mtoto alikuwa amefundishwa, tena hakuwa na chuki yoyote. Aliifunika midomo yake kwa viganja viwili, akaibana kwa nguvu, akabaki amesimama hivyo akimtazama bibi yake juu ya vidole, akisubiri aondoke.

Hayrat alimwambia mtoto ashushe mikono, mtoto akakataa kwa kichwa. Akamwambia tena. Fatoumia akasema mwache, asilazimishwe, ni mtoto. Akauliza lori la kurudi mjini linaondoka saa ngapi.